Waya Usiopoteza Umeme, na Pampu Yako ya Tungule

Ndugu mkulima, leo mbolea ingoje kidogo, tuzungumze waya.

Umeme unaogandisha barafu ya samaki pale Malindi, na unaovuta maji mashambani Unguja, kwa sehemu kubwa unatoka Bara. Unaingia baharini Ras Kiromoni na kuibukia Fumba. Kebo ya kwanza ni ya 1980. Ya pili, ya megawati 100, ilizinduliwa 2013. Katikati hapo ilikuwepo ile miezi mitatu ya giza, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Mwenye pampu au jokofu hana haja ya kukumbushwa.

Sasa, umeme hupungua njiani. Waya wa shaba una ukinzani, hivyo umeme ukipita unapata joto, na joto hilo ni uniti zilizozalishwa kwa gharama zisimfikie mtu. Mkondo ukizidi mara mbili, upotevu unazidi mara nne! Ndiyo maana njia ya Fumba inatumia msongo mkubwa, kilovolti 132: msongo ukipanda, mkondo unashuka.

Ipo dawa nyingine. Mwaka 1911 Mholanzi Heike Kamerlingh Onnes aliipoza zebaki hadi nyuzi 269 chini ya sifuri, ukinzani ukatoweka kabisa. Kitu cha namna hiyo huitwa supakondakta. Baridi ile ilikuwa ghali mno, lakini mwaka 1987 ilipatikana aina inayoridhika na baridi ya naitrojeni kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, ambayo ni nafuu zaidi. Mjini Essen, Ujerumani, kebo kama hiyo iliwashwa 2014: megawati 40 kwa kilovolti 10 tu.

Ila ni kilomita moja. Ya kwetu ya baharini ni kama 37, na mtambo wa kupoza haulali, nao wenyewe unakula umeme. Kwa maoni yangu watakaofaidi mwanzo ni miji mikubwa iliyobanana. Uniti zako za Tukuza hazitashuka bei kwa hilo karibuni.

Upotevu ulio mkononi mwako ni wa kati ya mita na kisima. Nawaona wengi wanavuta waya mwembamba wa nyumbani mita mia na zaidi, tena wenye viungo vya kusokota. Pampu inanguruma, maji hayaji, mota inaungua, tungule zinanyauka, na fundi ndiye anayelaumiwa.

Mwambie fundi apime volti kwenye pampu ikiwa inakwenda, siyo imezimwa, kisha apime haraka kwenye mita. Umeme wetu ni volti 230. Pampu ikipata chini ya 207 hivi, izime. Kama kwenye mita ni sawa, basi waya wako ndio mwembamba. Wenye shaba mara mbili unapunguza upotevu kwa nusu. Kama hata kwenye mita ni mdogo, andika siku na saa ulizopima, upeleke ZECO.