Siku ya Kukaa Namche

Kambi ya Everest upande wa Nepal, pale wapandaji wanapopiga mahema kabla ya kuikabili barafu ya Khumbu, iko mita 5,364 juu ya usawa wa bahari. Kilele cha Uhuru cha Kilimanjaro kinaipita kwa zaidi ya mita 500, na njia ya kufika kambini haihitaji kamba: ni vijia vya mawe, madaraja ya kuning'inia na nyumba za wageni zenye chai ya moto. Hata hivyo, msafiri aliyetua Lukla, mita 2,860, hushauriwa atumie siku nane hivi kufika huko, na katika hizo mara mbili hulala palepale alipolala jana yake, kwanza Namche, kisha Dingboche. Wengi huona siku hizo zinapotea bure, na ndizo za kwanza kukatwa mtu akibanwa na likizo au fedha. Mimi nashikilia kuwa ndizo zinazomfikisha.

Sababu imo mwilini. Oksijeni ya kambini ni asilimia 21 ya hewa, sawa na ya pwani. Kilichopungua ni shinikizo la hewa, ambalo limeshuka hadi karibu nusu, hivyo kila pumzi huleta oksijeni nusu tu. Mwili hujibu kwa kuhema haraka. Lakini kuhema huko hutoa hewa ukaa kupita kiasi, damu ikapungukiwa asidi, na ubongo ukaamuru pumzi zipunguzwe. Taabu huonekana usiku: mtu huhema kwa nguvu akiwa usingizini, hunyamaza kabisa kwa sekunde kadhaa, kisha hushtuka akitafuta hewa. Warekebishaji ni figo, zinazotoa bikaboneti kwenye mkojo, na kazi hiyo huzichukua siku kadhaa. Ndiyo maana madaktari wa milimani hushauri kwamba ukivuka mita 3,000 usipandishe mahali pa kulala kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne upumzike pamoja na usiku wake. Wala kukaa Namche si kujilaza. Watu hupanda kupita Syangboche hadi karibu mita 3,880, kisha hurudi kulala mita 3,440.

Tazama safari ya siku tano kwa njia ya Marangu, Kilimanjaro, huku kwetu. Kutoka Horombo, mita 3,720, mtu hupandishwa Kibo, mita 4,720, kwa siku moja, na usiku huohuo anaanza kuelekea Uhuru. Waongozaji husema pole pole tangu getini, na wanasema kweli, ila mwendo wa pole hauwezi kufidia siku iliyokatwa. Siku ya ziada Horombo ina thamani kuliko koti lolote la bei.

Watasema kijana mwenye mazoezi hahitaji haya. Lakini mazoezi hujenga moyo na misuli, hayaharakishi figo, na mwenye nguvu ana hatari yake: anafika juu kabla mwili wake haujawa tayari. Watasema kuna Diamox. Dawa hiyo inasaidia kweli, kwa kuwa inazisukuma figo kutoa bikaboneti mapema, lakini haimpi mtu ruhusa ya kuruka vituo. Kuna pia helikopta, ambayo haipai bonde likijaa mawingu, wakati mgonjwa aliyevimba ubongo hawezi kungoja. Ukimshuku mtu kuwa na uvimbe huo, mwambie atembee kwenye mstari, kisigino kikigusa vidole vya mguu wa nyuma. Akiyumba, ateremshwe wakati huohuo, hata kama ni usiku.

Hoja ya gharama ndiyo nzito, kwa kuwa kila siku ya ziada inalipiwa chakula, malazi na ujira. Lakini anayepunguza siku huwapunguzia na wapagazi. Wengi wao si Washerpa waliozaliwa juu. Wanatoka mabonde ya chini, na mwinuko huwaumiza kama unavyomuumiza mgeni, tena wakiwa na mzigo mgongoni. Kwa hiyo anayelipia safari aulize mapema siku za kukaa ni ngapi, na mpagazi akiugua nani atateremka naye, maana mgonjwa wa mwinuko hapaswi kushushwa peke yake.