Goma na Bukavu: umeme ukikatika mita inaandika sifuri, lakini wakaaji bado wanauhitaji

Saa moja jioni, Goma kama Bukavu, taa zinawashwa, simu zinachajiwa, pasi inapata moto na sufuria iko juu ya jiko la umeme, yote kwa wakati mmoja. Hapo ndipo mtandao wa umeme unalemewa. Kampuni inayojua mapema kiasi kitakachohitajika inajipanga. Isiyojua inakata mtaa mmoja baada ya mwingine.

Ili kukadiria, mitandao ya kisasa hutumia mita zinazotuma hesabu zenyewe, mara nyingi kila dakika 15 au 30. Kompyuta inaongeza siku ya juma, sikukuu na hali ya hewa, kisha inatabiri kesho. Ufaransa, wakati wa baridi, joto likishuka digrii moja tu, mahitaji hupanda kwa megawati karibu 2,400. Ruzizi ya kwanza na ya pili kwa pamoja hazifikii megawati 75, tena ile ya pili tunagawana na Rwanda na Burundi.

Kwetu joto halibadiliki sana mwaka mzima. Ugumu uko kwingine. Umeme ukikatika, mita inaandika sifuri, na programu isiyoonywa inasoma kwamba usiku ule hakuna aliyehitaji umeme. Kumbe muuza samaki amewasha jenereta na kinyozi amefunga mlango. Nyumba isiyo na mita, inayopika kwa makala, haihesabiwi kabisa. Umeme ukirudi, friji zote zinaanza pamoja, mzigo unapita kawaida, na wakati mwingine giza linarudi.

Makadirio ya namna hiyo yakifika mezani kwa wanaopanga kujenga kituo kipya, yatawaambia kwamba huku watu hawatumii umeme mwingi. Si kweli.

Kuna pia kinyume chake. Kule Luviro, wilayani Lubero, kituo kilizalisha umeme kuliko wateja waliounganishwa, na tangu 2020 Hifadhi ya Virunga ikautumia kuchimba bitcoin. Wenye kuuhitaji walikuwepo. Nyaya ndizo hazikuwafikia.

Dawa yenyewe si ngumu. Saa za giza zihesabiwe kama saa zisizo na habari, si sifuri, na zijazwe kwa kuangalia mtaa wa jirani uliokuwa na umeme saa ileile. Kisha wakaaji waulizwe wananunua mafuta ya jenereta kiasi gani, na magunia mangapi ya makala kwa mwezi.