Maua na Mboga Katika Uwanja Mmoja



Katika mikutano ya vikundi, tukianza tu kutaja maua, swali moja hutokea hata kabla hatujamaliza kusema: "Maua yanaliwa?" Ni swali zuri na hatulidharau. Mtu mwenye robo ekari na watoto watano hana budi kuuliza hivyo. Lakini ndani ya swali hilo mna wazo kwamba bustani ya maua ni ya matajiri, na sisi wengine tutosheke na sukumawiki nyuma ya jikoni. Leo tunataka kueleza namna ya kuviweka vyote viwili pamoja, mbele ya nyumba, bila kupunguza hata sahani moja ya mboga.

Wengi wetu tumeziona zile nyumba za Limuru na Karen zenye waridi mlangoni na maua ya kila rangi yaliyosongamana hadi njiani. Wazee wengi walifanya kazi humo wakikata ua na kumwagilia maji, wakarudi nyumbani wakijua kwamba hayo ni mambo ya mabwana. Kumbe bustani ya namna hiyo ilianza kwa watu maskini. Huko Uingereza, vibarua wa mashambani walikaa katika vijumba vidogo vyenye kipande cha ardhi mlangoni. Hapo walipanda kabichi, vitunguu, maharagwe na majani ya dawa, na wengine walifuga nguruwe na nyuki. Maua yaliingia popote palipobaki nafasi. Baadaye, katika karne ya 19, waandishi wa bustani kama William Robinson, na baada yake Gertrude Jekyll, waliusifu sana mtindo huo, ukaingia katika majumba makubwa. Huko maua ndiyo yaliyopewa nafasi ya mbele, na mboga zikasukumwa nyuma ya ukuta. Hiyo ndiyo sura tuliyoiona kwa walowezi. Sisi tunapendekeza ile ya vibarua.

Tuanze na uwanja wenyewe. Katika boma nyingi uwanja hufagiliwa kila asubuhi mpaka udongo unang'aa. Desturi hii ina sababu zake: nyoka huonekana mapema, watoto wanacheza, mahindi yanaanikwa. Hatusemi muiache. Lakini angalieni mvua ya Aprili inavyouchukua udongo ule mtupu na kuupeleka barabarani. Acheni katikati pafagiliwe, mkalime kingo: kando ya njia ya kuingilia, chini ya dirisha, na pale maji ya paa yanapodondoka. Nyasi ndefu zisiachwe karibu na ukuta.

Tuta moja linatosha kuanzia. Liwe na upana wa mita 1, ili mkono ufike katikati bila kukanyaga udongo, na urefu wa mita 6 hivi. Chimbeni mara mbili: ondoeni udongo wa juu kina cha jembe, legezeni ule wa chini kwa uma au jembe, kisha rudisheni wa juu ukiwa umechanganywa na samadi iliyooza vizuri. Ni kazi ngumu, tena ya jasho, na ndiyo maana inafaa kikundi kizunguke nyumba kwa nyumba kama mnavyofanya na merigoraundi ya pesa. Watu sita humaliza tuta asubuhi moja. Ukikosa samadi ya kutosha, tafuta ile mimea mirefu ya maua ya manjano inayoota kando ya barabara za Vihiga, Kakamega na Siaya, yaani tithonia. Watafiti waliofanya kazi Maseno katika miaka ya 1990 walionyesha kwamba majani yake mabichi, yakikatwakatwa na kufukiwa, huoza upesi na kuupa udongo chakula kingi.

Sasa tupande nini? Siri ya bustani hii ni kuchanganya mirefu na mifupi, na ya kula na ya kutazama, bila kuacha udongo wazi. Nyuma, karibu na ukuta, weka mirefu: alizeti chache, mgagani (ile saga ya wengine), na pasheni ikipanda juu ya fito. Nani ameona ua la pasheni akasema si pambo? Katikati weka mnavu, mchicha, spinachi na sukumawiki. Mbele, kando ya njia, weka dania, vitunguu vya majani, nanaa na marigoldi. Mchaichai ukae pembeni peke yake kwa sababu huwa kichaka kikubwa, nanaa nayo ipandwe ndani ya kopo lililotobolewa, la sivyo itatawala tuta zima. Mabua machache ya mchicha na ya dania yaachwe yatoe maua hadi mbegu zikauke. Hapo umepata pambo, na pia mbegu za msimu ujao bila kwenda dukani.

Maua yenyewe nayo yana kazi. Malenge hutoa maua dume na maua jike mbalimbali, na bila nyuki kupeleka unga kutoka moja hadi jingine, tunda changa hunyauka na kuanguka. Akina mama wengi hudhani ni ugonjwa. Nyuki huvutwa na maua mengi ya kila siku, wala hawaji kwa sababu ya malenge mawili tu. Marigoldi ina mizizi inayopunguza vile viminyoo vidogo vya udongoni vinavyofanya mizizi ya nyanya kuwa na vinundu, lakini msidanganyike, mche mmoja hapa na mmoja pale hausaidii. Lazima ipandwe kwa wingi mahali pale pale kwa msimu mzima, kisha nyanya zifuate. Kwa walio nyanda za juu, kama Molo au Kinangop, tungeongeza pareto. Maua yake meupe ni mazuri, na yakikaushwa na kusagwa hutoa unga wa kuua wadudu wa mboga. Unyunyizwe jioni, kwa kuwa jua huuvunja nguvu upesi na jioni nyuki wamekwisha rudi mzingani.

Maji ndiyo huamua kama bustani itadumu, na anayeyabeba mgongoni ni mama. Kwa hiyo tusiseme ovyo. Tuta la mita 6 kwa 1, wakati wa kiangazi, linahitaji kama lita 24 hadi 30 kwa siku, yaani mtungi mmoja na nusu ukizidisha. Kama mto uko mbali, tumia maji yaliyooshea vyombo na nguo, ukiyamwaga chini kwenye shina, si juu ya majani, na usitumie yale yaliyotiwa dawa ya kung'arisha nguo. Majani makavu yakitandazwa juu ya udongo, maji hukauka polepole. Na paa la mabati? Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la mita 6 kwa 5, mvua ikinyesha milimita 10, ni lita 300, na hata kama baadhi yatapotea, pipa litajaa. Lifunikwe, mbu wasije wakazaa humo. Nyumba ambayo kila tone hutoka kisimani kilomita mbili, tungeishauri ibaki na nusu ya tuta mpaka mvua irudi.

Kuku watakuja, hilo halina shaka. Fito zilizosukwa zikafika kiunoni huwazuia walio wengi. Ua wa kayaba ni mzuri zaidi, una miiba na matunda ya kutengenezea jemu, lakini huchukua miaka kadhaa.

Kuna jambo ambalo halizungumzwi sana katika mikutano. Shamba kubwa, la kahawa au la miwa, mara nyingi hesabu yake iko kwa baba. Lakini kando ya mlango na jikoni, ni nadra mtu kumwuliza mama amepanda nini. Fungu la mnavu linalouzwa kutoka hapo mwezi wa Februari, wakati soko limekauka, ni pesa iliyo mkononi mwake. Kwa sababu hiyo tunawaomba akina baba wanaosoma ukurasa huu wachimbe lile tuta, halafu wasiulize bei.

La mwisho ni onyo. Si kila ua zuri lafaa karibu na watoto na mifugo. Oleanda ina sumu kali kuanzia jani hadi shina. Yale maua makubwa yanayoning'inia kama tarumbeta, ambayo wengi huyapanda kuwa ua, nayo yana sumu. Lantana huharibu ini la ng'ombe, tena ndege hutawanya mbegu zake hadi malishoni. Gugu maji la Ziwa Victoria lina ua zuri la zambarau, na kwa uzuri huo watu walilichukua kutoka Amerika Kusini kuwa pambo la vidimbwi. Wavuvi wa Kisumu na Homa Bay wanajua limewagharimu nini. Ukipewa kipandikizi usichokijua, kipeleke kwanza kwa afisa wa kilimo akione kabla hujakichomeka mlangoni.