Habu ya Nyuma na Fremu Yako: Pima Kabla ya Kulipa

Mlaji anayeingia katika maduka ya vipuri ya Mchafukoge, au anayevuka kwenda Kariakoo kutafuta habu ya nyuma ya baiskeli, mara nyingi huulizwa swali moja tu: ya gia au ya kawaida? Akishajibu, habu huwekwa mezani, bei hutajwa, na mazungumzo hugeukia punguzo. Swali hilo halitoshi. Habu ya nyuma haichaguliwi kwa kuitazama yenyewe. Huchaguliwa kwa kuitazama fremu itakayoipokea na uzito utakaoikalia. Anayesahau moja kati ya hayo mawili hurudi dukani baada ya majuma machache akiwa na ekseli iliyopinda mkononi, na hapo ndipo huoneshwa kibandiko cha ukutani kisemacho kwamba mali ikishauzwa hairudishwi.

Tunawaandikia watu wa aina mbili wanaokutana mbele ya kaunta moja. Wa kwanza ni yule ambaye baiskeli ndiyo riziki yake: muuza madafu, msambazaji wa mikate, fundi anayezunguka na vifaa vyake. Wa pili ni kijana, au mzazi wa kijana, anayetaka baiskeli ya kurukia vikwazo, ile fupi isiyo na kiti cha maana, ambayo mpandaji husimama juu yake na kuidundisha kwa gurudumu la nyuma. Mahitaji yao yaonekana kuwa mbalimbali, lakini ekseli haijui tofauti hiyo. Shehena ya madafu na uzito wa kijana anayetua kutoka juu ya ukuta huishia mahali pamoja.

Mahali penyewe ni pale fremu inapoishika ekseli. Kila upande wa nyuma wa fremu huishia kwenye bamba lenye mwanya. Ekseli huingia katika mwanya huo, kisha hukazwa kwa nati. Utazame mwanya huo kabla ya jambo lingine lolote, kwa kuwa ndio unaoamua habu gani itakufaa.

Mwanya wa mlalo, ambao humruhusu fundi kulisogeza gurudumu mbele au nyuma, ndio unaofaa kwa baiskeli ya gia moja. Cheni ikilegea, gurudumu huvutwa nyuma kidogo na kazi imekwisha. Kasoro yake ni kwamba mpandaji akikanyaga kwa nguvu, cheni huuvuta upande wa kulia wa ekseli kuelekea mbele; nati ikiwa legevu, gurudumu hukaa upande na kuikwaruza fremu. Baiskeli za kurukia vikwazo huzuia jambo hilo kwa kipande cha chuma cha mviringo kinachokaa kwenye ekseli na kuegemea kijiti kilicho nyuma yake. Kwa baiskeli ya mzigo, kivuta cheni cha kawaida chenye skrubu hufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo, nasi twashangaa kwamba wengi hawakinunui.

Mwanya wa wima, unaofunguka chini, hupatikana katika baiskeli nyingi za gia za siku hizi. Gurudumu haliwezi kusogea mbele hata nati ikilegea kidogo, na hilo ni jema. Lakini haliwezi pia kusogezwa nyuma ili kukaza cheni. Mtu anayetaka kuigeuza fremu ya namna hii kuwa ya gia moja atahitaji kikaza cheni cha pembeni, na muuzaji muungwana humwambia hivyo mapema.

Baada ya mwanya, pima upana. Toa gurudumu la nyuma, kisha pima kwa rula nafasi iliyopo kati ya bamba la kushoto na la kulia, kutoka uso wa ndani hadi uso wa ndani. Andika kipimo hicho kwa milimita. Baiskeli za chuma za gia moja huwa kwa kawaida kati ya 110 na 120. Za mbio za zamani huwa 126, na zilizofuata 130. Za milimani huwa 135. Baiskeli za kurukia vikwazo zenye magurudumu madogo ya inchi 20 mara nyingi hutumia 116, kipimo ambacho ni adimu madukani, ilhali zile za inchi 26 hutumia 135. Habu nayo hupimwa vivyo hivyo, kutoka nati ya ndani ya upande mmoja hadi ya upande wa pili.

Vipimo viwili hivi visipolingana, usikubali kwamba nati zitalazimisha. Habu ikiwa nyembamba kuliko nafasi, washa huongezwa kwa kipimo kinacholiacha gurudumu katikati ya fremu, na ncha ya ekseli ibaki ndefu kiasi cha nati kuingia yote. Habu ikiwa pana zaidi, fremu ya chuma yaweza kutanuliwa na fundi anayejua kazi, pande zote mbili sawasawa, kisha mabamba yakanyooshwa yatazamane tena. Fremu ya alumini haitanuliwi kamwe. Hupasuka, na ufa wake haujitangazi kabla ya siku yake.

Sasa tufike kwenye ekseli yenyewe, kwa maana hapa ndipo fedha nyingi hupotea. Ekseli hubebwa na gololi zilizo ndani ya habu, na fremu huikalia ekseli huko nje. Kadiri umbali kati ya gololi na fremu unavyokuwa mrefu, ndivyo ekseli inavyopinda kwa urahisi. Katika habu ya gia moja, umbali huo ni mfupi pande zote mbili. Katika habu ya kufungia friwili ya gia 6 au 7, gololi za kulia hukaa ndani kabisa, nyuma ya friwili, na kipande cha ekseli cha sentimita 3 au zaidi hubaki hakina kinachokishika. Ukiibebesha habu hiyo mzigo mzito na kuipitisha kwenye mashimo, ekseli itapinda, kisha itakatika, na karibu kila mara hukatikia upande huo wa kulia. Mara nyingi muuzaji hakukudanganya, wala ekseli haikuwa bandia. Umenunua habu isiyo ya kazi yako.

Mwenye kuhitaji gia na mzigo kwa pamoja ana njia nyingine: habu ambayo friwili ni sehemu ya mwili wake, aina ambayo kampuni ya Shimano ya Japani iliisambaza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndani yake gololi za kulia zimesogezwa hadi karibu na fremu. Kuitambua si vigumu. Habu ya kufungia friwili ina nyuzi za skrubu tu upande wa kulia. Hii nyingine ina silinda yenye mifuo ambayo meno ya gia huteleza na kukaa. Bei yake ni kubwa zaidi, lakini anayebadilisha ekseli kila mara apige hesabu. Asiyehitaji gia, nasi twaamini kwamba wauza madafu wengi wa katikati ya jiji hawazihitaji kwa kuwa njia zake ni tambarare, abaki na habu ya gia moja yenye ekseli nene na nati. Ekseli yenye tundu na kishikizo cha kufungulia haraka tungemwachia mpanda matembezi. (Guta lina ekseli ya namna yake, nasi hatulizungumzii hapa.)

Hesabu pia matundu ya spoku. Baiskeli nyingi za mzigo za mtindo wa Kiingereza zina spoku 40 nyuma na 32 mbele. Habu ya 36 haiwezi kuingia katika rimu ya 40, na rimu mpya hugharimu zaidi ya kosa lenyewe.

Kwa kijana wa kurukia vikwazo tunaongeza jambo moja, na ni la usalama. Mchezo huo humtaka mpandaji asimame juu ya pedali na kukanyaga ghafla akiwa juu ya ukingo. Friwili ya kawaida hushika katika sehemu 16 hadi 20 hivi za mzunguko mmoja, kwa hiyo huweza kuzunguka bure hadi nyuzi 22 hivi kabla ya kushika. Friwili za mchezo huu hushika katika sehemu 72, au hata 108, na uzungukaji bure haupiti nyuzi 5. Katika baiskeli nyingi za aina hii friwili hukaa mbele, kwenye pedali, na habu ya nyuma hubeba gia isiyozunguka bure. Aliyenunua fremu hiyo ikiwa mtumba kisha akafungiwa friwili ya bei nafuu kwa sababu inaingia kwenye nyuzi, atagundua kosa pale friwili itakaporuka meno naye yuko hewani. Wazazi, msione haya kuuliza.

Baiskeli za mtumba kutoka Japani nazo zina lao. Nyingi zina breki ya nyuma iliyofungwa kwenye habu, yenye mkono wa chuma unaopaswa kufungwa kwenye fremu. Mkono huo ukiachwa huru baada ya matengenezo, breki huzunguka pamoja na gurudumu na kukata waya wake. Uone umefungwa kabla hujaondoka.

Kuhusu haki zako, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inamtaka muuzaji asipotoshe, na Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inampa nguvu mnunuzi aliyeieleza kazi anayoitaka bidhaa na kumtegemea muuzaji kwa ujuzi wake. Kwa hiyo sema kwa sauti: “Naitaka kwa kubebea mzigo, fremu yangu ni milimita 120, spoku 40.” Kisha omba maneno hayo yaandikwe kwenye risiti, au nyuma yake, pamoja na risiti ya EFD. Risiti iliyoandikwa “habu 1” peke yake haitakusaidia sana.

Kabla ya kulipa, zungusha ekseli kwa vidole: isikwaruze wala isicheze. Ikiwa ni ekseli tupu, iviringishe juu ya kioo cha kaunta. Iliyopinda huonekana mara moja. Habu ikishindwa kazi, usimruhusu fundi aifumue kabla muuzaji hajaiona. Irudishe ilivyo, na risiti yake. Akikataa kukusikiliza, peleka malalamiko Tume ya Ushindani ukiwa na habu, risiti, na kipimo cha fremu ulichokiandika siku ya kwanza.