Mkebe wa Sindano: Chagua Vichache, Chagua Vizuri

Jumapili jioni, katika nyumba nyingi za mijini, ndipo sare za shule zinapotazamwa kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Kaptula imefumuka mshono wa nyuma, shati halina kifungo cha tatu, na pindo la sketi linaning'inia. Fundi cherehani wa mtaani amekwisha kufunga kibanda chake, na yule fundi wa kutembea, mwenye cherehani begani na mkasi unaolia mkononi kuwaita wateja, hapiti saa hizo. Hapo ndipo sindano inapotafutwa nyumba nzima. Huonekana imechomekwa katika pazia, imeshika kutu, na uzi uliopo ni mwekundu.

Ndugu msomaji, kasoro hiyo si ndogo kama inavyodhaniwa. Mshono uliofumuka urefu wa ukucha leo, ukivaliwa siku mbili zaidi, utakuwa urefu wa kiganja. Na nguo ambayo ingalitengenezeka kwa dakika kumi hugeuka kuwa tambara la kudekia. Sare mpya ni pesa, na mshahara hauna desturi ya kungojea ada na sare zimalizike ndipo uishe.

Dawa yake ni mkebe mmoja wa vifaa vya kushonea kwa mkono. Lakini tusikimbilie kile kijipakiti cha plastiki kinachouzwa barabarani, chenye nyuzi za rangi kumi na mbili, kimkasi na sindano kadhaa. Kinavutia macho na bei yake haitishi. Nyuzi zake mara nyingi hukatika kabla ya mshono kwisha, na kimkasi hutafuna nguo badala ya kuikata. Ni afadhali kununua vitu vichache, kimoja kimoja, kila mwisho wa mwezi, katika maduka yanayowauzia mafundi. Kwa mkaazi wa Dar es Salaam maduka hayo yamejaa Kariakoo, na muuzaji aliyezoea mafundi hakasiriki mteja anapokagua kitu kabla ya kulipa.

Tuanze na sindano, maana ndiyo inayodharauliwa kuliko vyote. Sindano za mkono huuzwa kwa namba, na namba hizo huwachanganya wengi: kadiri namba inavyokuwa kubwa, ndivyo sindano inavyokuwa nyembamba. Sindano za cherehani ni kinyume chake, ambapo namba 16 ni nene kuliko namba 14. Kwa khanga na mashati mepesi chagua namba 9 au 10. Kwa sare za shule na mashuka, 7 au 8. Kwa kaki na jinzi, namba 5. Sindano mbili mbili za kila aina zinatosha nyumba nzima.

Kabla ya kununua, pitisha ncha ya sindano polepole juu ya ukucha wako. Ikiteleza bila kukwaruza, ni nzima. Kisha tunga uzi na uuvute huku na huku katika tundu lake mara tano au sita. Uzi ukianza kutoa manyoya, tundu hilo lina makali ndani, nayo sindano hiyo itakukatia uzi kila utakapofika katikati ya kazi. Mtu hulaumu uzi, kumbe mwenye hatia ni sindano.

Lakini uzi nao una hila zake. Uzi wa poliesta ndio ufaao kwa kazi nyingi za nyumbani: hauozi kwa jasho wala haurudi unapofuliwa. Uzi wa pamba ni mzuri kwa nguo ya pamba, ila nguo ikiwa mpya na uzi ukiwa haujafuliwa, huenda mmoja ukarudi na mwingine usirudi, mshono ukakunjamana. Uzi wa nailoni unaong'aa kama kioo uwaachie washona mabegi. Pasi ya mkaa, ambayo moto wake haupimwi, huuyeyusha, na ncha zake huchoma ngozi. Tena usikubali uzi uliokaa miezi mingi katika dirisha la duka ukipigwa na jua, kwa kuwa jua huudhoofisha. Ukate mkono mmoja wa uzi, ushike ncha mbili, uukaze kwa ghafula. Ukikatika kwa urahisi, mrudishie mwenyewe.

Rangi nne zinaitosha familia ya mfanyakazi: nyeupe, nyeusi, buluu ya sare na kaki. Rangi nyingine nunua nguo yake inapohitaji, na uende dukani na nguo yenyewe. Usipoipata rangi iliyo sawasawa, chukua iliyokoza kidogo kuliko nguo, kwa sababu uzi mmoja uliolazwa juu ya kitambaa huonekana mweupe zaidi kuliko ulivyoonekana katika kigurudumu chake.

Kitu kimoja kilichosahauliwa na wengi ni nta ya nyuki, nasi tunaishi katika nchi ambayo Tabora yake inajulikana mbali kwa asali na nta. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kitakaa miaka. Ukipitisha uzi juu yake mara mbili kabla ya kushona vifungo, uzi hauviringiki wala haujifungi mafundo ovyo, na huvumilia zaidi kusuguliwa.

Mkasi uwe mdogo, wenye ncha kali, na ukate vizuri hadi mwisho wa ncha. Ujaribu kwa kukata khanga kuukuu kwa ncha tu. Ukisha kuununua, watoto wakatazwe kabisa kuukatia karatasi, maana karatasi huondoa makali yake upesi. Nunua pia subana, ambayo wengine huiita kastabini, ya chuma yenye vishimo, ikae kidole cha kati bila kubana na bila kudondoka ukitikisa mkono. Mwenye kushona jinzi bila subana atalala na kidole kinachouma. Ongeza pini chache na futikamba.

Vifungo havinunuliwi. Shati lililochoka kabisa likatwe vifungo vyote kabla halijawa tambara, vifungwe pamoja kwa uzi. Jambo hili litawafaa hasa wanunuzi wa mitumba: mara nyingi kitambaa chake ni imara, lakini kifungo kimoja kimepotea na uzi wa vilivyobaki umelegea. Koti la mitumba lishonwe upya vifungo vyote siku linaponunuliwa. Unaposhona kifungo cha koti weka njiti ya kiberiti juu yake, shona ukipitisha uzi juu ya njiti, kisha uichomoe, uvute kifungo juu na kuzungusha uzi chini yake mara nne. Kitapata shingo, na koti litafungika bila kujikunja.

Mshono wa kaptula uliofumuka haushonwi kwa kwenda mbele tu kama mtu anayepiga bandi. Kila hatua moja ya sindano irudi nyuma nusu yake, na uanzie kidole kimoja kabla ya pale palipofumuka. Kitambaa kilichotoboka bila kuchanika hutililiwa, yaani nyuzi hulazwa upande mmoja, kisha nyingine hupitishwa juu na chini yake kama anayesuka mkeka.

Je, kazi hii ni ya mama peke yake? Katika Vita Kuu zote mbili, askari wa Uingereza walipewa kijifuko cha sindano, uzi na vifungo, wajishonee wenyewe. Kijifuko hicho kiliitwa kwa Kiingereza jina lenye maana ya mama wa nyumbani, ingawa waliokitumia walikuwa wanaume vitani. Mvulana wa darasa la nne anaweza kushona kifungo chake, na baba yake vilevile.

Imebaki hifadhi. Hewa ya pwani ina chumvi na unyevu, na sindano haina adui mkubwa kuliko huo. Usiichomeke katika sifongo, ambayo hushika maji. Chukua kipande cha blanketi kuukuu la sufu, ukidondoshee tone moja la mafuta ya cherehani, ukisugue hadi yaenee, na uzichomeke humo. Kipande hicho na vifaa vyote vikae katika mkebe mfupi wa biskuti wenye kifuniko kinachobana, juu ya kabati, mbali na mtoto anayetambaa. Andika ndani ya kifuniko idadi ya sindano, na kila unapomaliza kushona, zihesabu kabla ya kufunga.