Kichezeo bora ni kile kinachomwachia mtoto kazi ya kufikiri

KILA inapokaribia sikukuu ya Krismasi au Idi, maduka ya vitu vya kuchezea watoto hufurika wateja. Jijini Nairobi, rafu hujazwa magari yanayojiendesha kwa betri, wanasesere wenye nywele ndefu za rangi ya dhahabu, bastola za plastiki na roboti zinazoimba. Mjini Mombasa, wachuuzi hutandaza bidhaa zao katika viwanja vya Makadara wakati wa shamrashamra za Idi, huku katika soko la Gikomba wanasesere wa mtumba wakiuzwa kwa bei anayoimudu mzazi wa kipato cha chini.

Mzazi anayesimama mbele ya rafu hizo kwa kawaida hujiuliza maswali mawili: kitu hiki ni pesa ngapi, na je, mtoto atakifurahia? Ni nadra kuulizwa swali la tatu, ambalo kwa hakika ndilo zito zaidi: kitu hiki kitamfunza mtoto nini?

Swali hilo ni zito kwa sababu hakuna kichezeo kisichofunza. Kipo kinachofunza kubuni, na kipo kinachofunza kukaa na kutazama. Vipo vinavyomzoesha mtoto kusubiri zamu yake, na vipo vinavyomwambia, pasi na kutamka neno, kwamba uzuri una rangi moja tu.

Ni nani anayecheza?

Njia rahisi ya kukipima kichezeo ni kuuliza ni nani hasa anayecheza. Gari linalowashwa kwa kitufe, likakimbia, likageuka na kulia king'ora lenyewe, humfanya mtoto kuwa mtazamaji. Kazi yote imekwisha kufanywa na mhandisi aliyelibuni huko kiwandani. Baada ya siku mbili tatu mtoto huwa ameyaona yote linayoyaweza, naye hulitupa kando. Au hutafuta bisibisi akalifungua ili aone kilichomo tumboni mwake. Wazazi wengi humwadhibu mtoto kwa kitendo hicho, wasitambue kwamba huenda ndiyo mara ya kwanza amecheza na gari lile kwa dhati.

Kinyume chake, vipande vya mbao havina la kufanya mpaka vishikwe na mkono wa mtoto. Leo vitakuwa nyumba, kesho daraja, na keshokutwa ng'ombe wanaopelekwa kisimani.

Mwalimu wa Kijerumani, Friedrich Froebel, aliling'amua jambo hili mapema. Mnamo 1837 alianzisha katika mji wa Bad Blankenburg taasisi ya watoto wadogo ambayo baadaye aliipa jina Kindergarten, yaani bustani ya watoto. Vifaa alivyowapa watoto, ambavyo aliviita zawadi, vilikuwa sahili mno: mipira ya sufu, tufe na vipande vya mbao vya maumbo mbalimbali. Frank Lloyd Wright, msanifu majengo wa Marekani aliyesanifu jumba la makumbusho la Guggenheim jijini New York, alisimulia katika tawasifu yake jinsi alivyochezea vipande hivyo utotoni, na jinsi maumbo yake yalivyobaki katika vidole vyake hata ukubwani.

Kampuni ya LEGO ya Denmark nayo ilianzia katika karakana ya seremala. Mnamo 1932, wakati uchumi wa dunia ulipokuwa umedorora, Ole Kirk Christiansen wa mji mdogo wa Billund alikosa kazi za ujenzi, akaanza kuchonga vichezeo vya mbao. Jina LEGO lilitokana na maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya 'cheza vyema'. Tofali la plastiki linalojulikana leo lilisajiliwa Januari 1958. Wanahisabati wamekokotoa kwamba matofali sita tu ya aina moja, kila moja likiwa na vinundu vinane, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Hiyo ndiyo tofauti baina ya kitu chenye kitufe kimoja na kitu kinachomwachia mtoto uamuzi.

Utafiti nao umeonyesha jambo hili kwa watoto wachanga. Anna Sosa wa Chuo Kikuu cha Northern Arizona, Marekani, aliwachunguza wazazi 26 wakicheza na watoto wao wa kati ya miezi 10 na 16. Matokeo yalichapishwa mwishoni mwa 2015 katika jarida la JAMA Pediatrics. Palipotumika vichezeo vya umeme vinavyosema na kuimba, wazazi walizungumza kwa uchache zaidi kuliko walipotumia vitabu au vichezeo vya kawaida, na watoto nao walitoa sauti chache. Mashine ilipozungumza, mama alinyamaza. Ilhali ni kwa kusemeshwa na binadamu mwenzake ndipo mtoto hujifunza lugha.

Mafundi wa waya na ndara

Watoto wa Kenya hawajawahi kungoja duka lifunguliwe ndipo wacheze. Vizazi kwa vizazi vya wavulana wamekunja nyaya zikawa magari yenye usukani mrefu, yakisukumwa kwa magurudumu ya vifuniko au soli kuukuu. Mipira imefumwa kwa matambara na kamba, na kwa mifuko ya plastiki pia kabla ya mifuko hiyo kupigwa marufuku Agosti 2017. Huko Lamu, watoto huchonga vidau vidogo, wakavitweka tanga na kuvishindanisha majini kama wafanyavyo manahodha wa majahazi.

Katika kisiwa cha Kiwayu, kaskazini mwa Lamu, watoto walikuwa wakiokota ndara kuukuu zilizosukumwa ufuoni na mawimbi, wakazichonga ziwe vichezeo. Mhifadhi wa bahari Julie Church aliliona jambo hilo mnamo 1997. Kutokana nalo kukachipuka mradi ambao leo unajulikana kama Ocean Sole, ambao mafundi wake huchonga twiga, ndovu na kasa kwa ndara zilizotupwa na kuwauza hata ng'ambo. Kazi inayowalisha watu wazima leo ilianza kama mchezo wa watoto.

Mtoto anayeunda gari la waya hupima, hukata, hukosea na kuanza upya. Gurudumu likikataa kuzunguka, hana fundi wa kumwita. Sharti atafute chanzo cha kasoro mwenyewe. Huo ndio ubunifu unaotajwa miongoni mwa umilisi saba wa kimsingi katika mtaala mpya, ambao utekelezaji wake shuleni ulianza 2019. Kinaya ni kwamba, kazi za kuunda vitu zilipoanza kuletwa nyumbani, wazazi wengi walilalamika kuwa ni wao walioishia kuzifanya usiku ili mtoto asikemewe asubuhi. Gari likiundwa na baba, aliyejifunza ni baba.

Hata hivyo, haifai umaskini usifiwe. Mtoto anayechezea makopo yenye kutu karibu na jaa la taka yumo hatarini, na pengine angependa kumiliki gari la dukani kama mwenzake. Funzo lililopo si kwamba duka ni baya na jaa ni zuri, bali kwamba thamani ya kichezeo haipimwi kwa bei yake.

Maadili katika gololi

Kuna wanaodhani kwamba maadili hufunzwa kwa mawaidha pekee. Wataalamu wawili wa karne ya 20 waliyaona mchezoni.

Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, alichapisha mnamo 1932 kitabu kuhusu jinsi mtoto anavyopambanua haki na makosa. Alianza uchunguzi wake kwa kuchuchumaa na wavulana waliokuwa wakicheza gololi, mchezo uitwao bano na watoto wengi wa Kenya, na kuwauliza sheria zake. Wadogo waliamini kwamba sheria zilitoka kwa wakubwa na kwamba haziwezi kubadilishwa kamwe. Wale waliokaribia umri wa miaka 11 au 12 walikuwa wametambua kwamba sheria ni mapatano: zinaweza kubadilishwa iwapo wachezaji wote wataafiki, na zikishaafikiwa ni lazima ziheshimiwe.

Hapana somo la uraia lipitalo hilo. Katika mchezo wa bano, kati au kuruka kamba, hakuna refa. Watoto hubishana, hununa, kisha hupatana kwa sababu wanajua kwamba anayeng'ang'ania kushinda kwa hila atabaki peke yake.

Mrusi Lev Vygotsky naye, katika mhadhara aliotoa mnamo 1933, alieleza kwamba mtoto anayepanda kijiti akakiita farasi amepiga hatua kubwa ya kiakili, kwa kuwa ameanza kuitenga maana na kitu chenyewe. Aliongeza kwamba mchezo wa kuigiza haukosi sheria. Msichana anayejifanya mama katika kalongolongo hawezi kutenda apendavyo. Hana budi kumlisha 'mtoto', kumfunika na kumbembeleza. Anajizuia kwa hiari yake mwenyewe. Heshima, uwajibikaji, upendo na amani, ambayo ni baadhi ya maadili yaliyoorodheshwa katika mtaala huo wa Kenya, humwingia mtoto hivyo, kwa kuyatenda.

Yanayosemwa na rafu

Duka nalo lina mawaidha yake. Mara nyingi upande mmoja una rangi ya waridi, wenye vyombo vya jikoni na wanasesere. Upande wa pili una rangi ya samawati, wenye magari, nyundo na silaha. Mtoto asiyejua kusoma huuelewa ujumbe huo mara moja: msichana ni wa kupika, mvulana ni wa kuunda na kupigana. Mvulana ambaye hajawahi kumbeba mwanasesere huambiwa miaka mingi baadaye awe baba mwenye huruma. Msichana ambaye hajawahi kupewa bisibisi naye huulizwa kwa nini aliogopa masomo ya uhandisi.

Suala la rangi ni nyeti zaidi. Katika miaka ya 1940, wanasaikolojia Waamerika weusi, Kenneth na Mamie Clark, walichapisha matokeo ya utafiti ambapo watoto weusi 253 wa umri wa miaka mitatu hadi saba walionyeshwa wanasesere waliofanana kwa kila hali isipokuwa rangi. Wengi walimchagua mweupe kuwa ndiye mzuri, na mweusi wakamwita mbaya. Utafiti huo ulitajwa katika kesi ya 1954 ambapo Mahakama ya Juu ya Marekani iliharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma. Mwanasesere Barbie, aliyezinduliwa 1959, hakupata mwenzake mweusi mwenye jina hilo hilo hadi 1980. Mzazi wa Kakamega au Garissa anayemnunulia bintiye wanasesere weupe pekee hana nia mbaya, ila ni vyema ajue kwamba mtoto huhesabu.

Kuhusu bunduki bandia, watoto wamepigana kwa vijiti tangu jadi bila kugeuka wauaji. Lakini kijiti ni cha mtoto kukipa maana, na dakika chache baadaye kitageuka kuwa fimbo ya mchungaji. Bastola ya plastiki ina maana moja tu. Isitoshe, mara kwa mara polisi nchini wamewanasa washukiwa wa ujambazi wakiwa na bastola za aina hiyo.

Usalama nao usipuuzwe. Mtoto wa chini ya miaka mitatu hutia kila kitu mdomoni, hivyo vipande vidogo vinaweza kumkaba koo. Betri ndogo za mviringo, akizimeza, huweza kumchoma umio kwa saa chache. Mnamo 2007, kampuni ya Mattel ililazimika kuagiza mamilioni ya vichezeo virudishwe, baadhi kwa sababu ya rangi yenye madini ya risasi, na vingine kwa sababu ya sumaku ndogo zilizoweza kubanduka. Hivyo basi, jina kubwa pekee si dhamana. Mnunuzi atazame alama ya ubora ya KEBS na umri ulioandikwa kwenye pakiti.

Haki iliyo hatarini

Kucheza ni haki, wala si hisani. Kifungu cha 31 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa 1989, ambao Kenya iliuidhinisha 1990, kinaitambua haki hiyo, na Sheria ya Watoto ya 2022 inaitilia mkazo. Mnamo 2024, Umoja wa Mataifa uliitenga Juni 11 kuwa Siku ya Kimataifa ya Kucheza.

Lakini haki bila uwanja ni maneno matupu. Januari 2015, wanafunzi wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road jijini Nairobi waliandamana na kuangusha ukuta uliokuwa umejengwa kuuzingira uwanja wao wa michezo, nao wakarushiwa vitoa machozi na polisi. Katika mitaa mingi, magorofa yamemeza nafasi zilizobakia, na rununu imechukua mahali pa uwanja. Shirika la Afya Duniani (WHO) lilipendekeza mnamo 2019 kwamba watoto wa miaka miwili hadi minne wasikae mbele ya skrini kwa zaidi ya saa moja kwa siku, na walio chini ya umri huo wasiwekwe mbele yake kabisa. Walio kati ya mwaka mmoja na minne nao wapate angalau dakika 180 za kujongeza viungo kila siku.

Kwa mzazi mwenye kipato kidogo, habari njema ni kwamba wingi wa vichezeo si neema. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Toledo, Marekani, waliripoti 2018 kwamba watoto wadogo 36 waliofanyiwa majaribio walicheza kwa muda mrefu na kwa ubunifu zaidi walipopewa vichezeo vinne kuliko walipopewa 16. Vichache vinatosha, mradi vinaweza kutumiwa kwa njia nyingi, vinamwalika mwenzake kushiriki, na havimharakishi.

Jijini Rochester, Marekani, kuna jumba la makumbusho linaloviorodhesha vichezeo vilivyotia fora katika historia. LEGO na Barbie vimo humo tangu 1998. Mnamo 2005, sanduku tupu la kadibodi liliingizwa katika orodha hiyo, na mnamo 2008 kikafuata kijiti. Mzazi atakayetoka dukani mikono mitupu kwa kukosa pesa asisononeke. Ampe mtoto sanduku hilo, amtafutie nafasi salama na wenzake wa kucheza nao, kisha akae kando asimwambie ni kitu gani.