Konstebo na Ayari: Makosa ya Maneno katika Tamthilia ya Shakespeare

Mlinda sheria mzembe na ayari mwenye hila ni jozi ya zamani katika michezo ya kuchekesha. Kwa desturi ayari hutega mtego, mlinda sheria hunaswa yeye mwenyewe, na watazamaji hucheka. Shakespeare aliitumia jozi hiyo katika Much Ado About Nothing, tamthilia iliyotungwa yapata mwaka 1598 na kupigwa chapa mwaka 1600, ambayo jina lake laweza kufasiriwa Makelele Mengi kwa Jambo Tupu. Lakini Dogberry, konstebo wa mji wa Messina, na Don John, ayari wa tamthilia hiyo, hawakutani jukwaani hata mara moja. Ushindani wao ni wa namna mbili za kutumia maneno: mmoja husema uwongo kwa ufasaha, na mwingine anao ukweli lakini hana maneno ya kuusemea. Yafaa jambo hilo lichunguzwe, maana mfasiri asiyelitambua aweza kuwafanya watu wacheke huku akiwapotezea maana.

Kisa chenyewe ni hiki. Don John, ndugu wa nje ya ndoa wa Don Pedro wa Aragon, ataka kuivunja ndoa ya kijana Claudio na Hero, binti wa Leonato, liwali wa Messina. Mtumishi wake Borachio amfanyia hila: usiku wa kuamkia arusi azungumza dirishani na Margaret, mjakazi wa Hero, huku Claudio akitazama kwa mbali na kudhani kuwa mwanamke yule ni mchumba wake. Kesho yake Claudio amwaibisha Hero mbele ya watu kanisani. Don John ni mtu wa maneno machache. Kila neno alilopima limefika alipotaka lifike.

Usiku ule ule Borachio amsimulia mwenziwe Conrade hila hiyo njiani, nao walinzi wa Dogberry wasikia yote. Hata hapo ukweli wapokewa kombo. Borachio asema kwa sitiari kwamba mtindo wa mavazi ni mwizi aliye kilema, na mlinzi mmoja adhani kuwa Kilema ni jina la mwizi amjuaye. Kiswahili chaubeba mzaha huo kwa wepesi, kwa kuwa neno kilema, ingawa lina kiambishi cha ki-, hufuata upatanisho wa viumbe, hivyo kilema huyu aweza kuwa sifa au jina la mtu. Basi walinzi hawakuelewa sana, lakini waliwakamata watu waliostahili kukamatwa.

Asubuhi, kabla ya arusi, Dogberry na msaidizi wake Verges waenda kwa Leonato. Hapa ndipo kiini cha tamthilia. Lau wangesikilizwa, Hero asingeaibishwa. Lakini Dogberry azungukazunguka. Verges anapoanza kulitaja jambo lenyewe, Dogberry amkatiza na kuwaombea radhi wazee kwa udhaifu wao. Hatimaye asema kwamba wamewaelewa, badala ya wamewakamata, watu wawili wenye heri, badala ya wenye kutiliwa shaka. Leonato ana haraka. Awaambia wawahoji wenyewe, awakaribisha wanywe divai, kisha aenda zake kanisani. Yafaa kutambua kwamba habari imekwisha kutolewa: watu wawili wamekamatwa, nao wangojea kuhojiwa. Liwali hakuikosa kwa sababu haikusemwa. Aliikosa kwa sababu aliyeisema hakusema vizuri. Mtu yule yule, saa chache baadaye, aliamini uwongo dhidi ya binti yake mwenyewe kwa kuwa ulitoka katika vinywa vya wakubwa.

Makosa ya namna ya Dogberry yalikuja kupewa jina kutokana na Bibi Malaprop, mhusika wa tamthilia The Rivals ya Sheridan, ya mwaka 1775. Asili yake katika Kiingereza yaonekana wazi: maneno yanayokosewa ni yale ya kisomi, mengi yenye asili ya Kilatini, ambayo mtu wa kawaida huyasikia kanisani na mahakamani bila kufundishwa. Konstebo wa zamani wa Uingereza alikuwa raia aliyeshika zamu ya mwaka mmoja, kwa kawaida bila mshahara. Cheo kilimtaka aseme kama hakimu, naye hakuwa na elimu ya hakimu. Kwa hiyo kosa la Dogberry halitokani na ujinga wa lugha yake ya kila siku. Latokana na kupanda ngazi ya lugha isiyo yake.

Shakespeare si mgeni katika Kiswahili. Julius Nyerere alichapisha tafsiri ya Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, S. S. Mushi alitoa Makbeth mwaka 1968. Mfasiri wa Dogberry atajaribiwa kwanza na maneno yenye sauti zinazokaribiana, kama vile kukamata na kukamua. Konstebo anayetangaza kwamba amewakamua wezi wawili atachekesha bila shaka. Lakini hakuna mtu mzima anayeyachanganya maneno hayo. Kicheko hicho ni cha mtu anayeteleza ulimi, si cha mtu anayejikweza. Ngazi ya kisomi katika Kiswahili imejengwa kwa sehemu kubwa na maneno yenye asili ya Kiarabu, nayo ndiyo lugha ya mahakama. Konstebo anayelalamika kwamba mfungwa anaihasimu vizuri ofisi yake, akikusudia anaiheshimu, au anayeripoti kwamba mshtakiwa amekariri kosa, akikusudia amekiri, au anayesoma mashaka badala ya mashtaka, yu karibu zaidi na Dogberry wa Shakespeare. Kinyume chake, kuthamini na kudhamini hakutafaa, maana wasemaji wengi huyachanganya, na kosa la wote halimchekeshi mtu.

Iko njia nyingine rahisi zaidi, nayo ni ya hatari. Mfasiri aweza kumpa Dogberry lafudhi ya watu wa sehemu fulani, abadilishe l na r, au avuruge ngeli za majina. Hapo watazamaji hawatamcheka tena mtu na cheo chake, bali watalicheka kabila au mkoa; nao watakuwa wamefanya kosa lile lile la Leonato, la kuupima ukweli wa neno kwa matamshi yake. Tamthilia yenyewe imekataa jambo hilo.

Anayelikataa waziwazi ni karani wa kanisa aliyeitwa kuandika mahojiano. Dogberry ayavuruga maswali. Karani amwachia majivuno yake, awaita walinzi waliosikia, na kuandika walichosikia. Ndipo ajuapo mara moja kwamba habari hiyo yahusiana na aibu ya Hero na kutoroka kwa Don John asubuhi ile. Konstebo, aliyeitwa punda na Conrade, asikitika tu kwamba karani hayupo kuliandika tusi hilo pia. Baadaye Borachio akiri mbele ya Don Pedro na Claudio kwamba jambo lililowapita wenye hekima limefichuliwa na wapumbavu hawa. Don John akamatwa alikokimbilia na kurudishwa Messina. Aliyemshinda hakuwahi kuonana naye, wala hakuwahi kufahamu vizuri kosa lake. Ilitosha kwamba palikuwa na mtu mmoja aliyekuwa tayari kusikiliza maneno mabovu hadi mwisho.